Sauti ya Chini na Maandishi Yake

Mtu anayeshika gitaa la besi kwa mara ya kwanza hukutana na washauri wawili wasiopatana. Wa kwanza humwambia: anza na noti, maana mpigaji asiyezijua ni mfano wa mtu asiyejua herufi. Wa pili humwambia: ziache noti, maana muziki ni kazi ya sikio, na mabingwa wengi hawakupata kuzisoma. Siku hizi amezuka mshauri wa tatu, aliyewapita hao wawili kwa wingi wa wafuasi. Naye humpa mwanafunzi karatasi yenye tarakimu tupu na kumwambia: weka kidole hapa, kisha pale. Makusudi ya makala haya ni kuyapima mashauri hayo matatu. Twadai tangu mwanzo kwamba shina la ugomvi huu halitajwi na yeyote kati yao. Shina lake si heshima ya elimu, wala uhuru wa sikio, ni muda. Sauti ya muziki ina mahali pake na ina muda wake, na maandishi yanayohifadhi mahali yakauacha muda hayajaihifadhi besi.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Besi ya zamani ni ile kubwa ya kusimama, jamaa ya fidla, ambayo wasikilizaji wa taarabu ya Unguja wanaijua vizuri. Shingo yake ni laini, haina alama. Mpigaji huitafuta sauti kwa sikio na mazoea ya mkono. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme ambalo baadaye lilienea duniani, akaikatiza shingo yake kwa vyuma vyembamba ili kila sauti iwe na kituo hakika; ndiyo sababu akaliita Precision, yaani usahihi. Nyuzi zake ni nne, Mi, La, Re na Sol, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba. Na ukihesabu kutoka uzi mmoja hadi wa pili, pamoja na sauti za nyuzi hizo mbili, utapata daraja nne za sauti. Uzi mnene hutikisika kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Jambo hili la mwisho si dogo. Redio ndogo au simu ya mkononi haiwezi kuitoa sauti nzito kiasi hicho. Msikilizaji hupata vivuli vyake vya juu tu. Basi mwanafunzi anayeambiwa ajifunze kwa sikio peke yake huwa anaagizwa, mara nyingi, kuiga kitu ambacho chombo chake cha kusikilizia hakimpi.

Hata hivyo shauri la sikio lina nguvu, wala si haki kulidharau. Paul McCartney, ambaye besi yake imesikika kote duniani, amekiri mara nyingi kwamba hasomi noti. Wanamuziki wetu wengi wa dansi walijifunza kwa kusimama nyuma ya mkubwa wao, wakitazama vidole na kusikiliza, mpaka siku moja mkubwa akachelewa na mdogo akaombwa kushika nafasi. Mafunzo hayo yana jambo ambalo karatasi haina. Besi ya dansi haiendi peke yake. Huzungumza na ngoma na gitaa la kati, na wimbo unapoacha maneno na kuingia katika chemko, mpigaji hujua kwa mwili wake lini azidishe na lini anyamaze. Mtu aliyesoma noti zote za duniani, lakini hajapata kusimama katika mazungumzo hayo, atapiga sauti zilizo sahihi na wachezaji hawatainuka vitini.

Upungufu wa shauri hili ni kwamba kilichomo katika kichwa kimoja huondoka na kichwa hicho. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz mwaka 1979. Nyimbo zao zingali zikipigwa, na majina yao yanatajwa kwa heshima inayostahili. Lakini waliosimama nyuma yao na besi, ni wangapi wanaotajwa? Na mwanafunzi wa leo wa Morogoro akitaka kuijua besi ya mji wake, atafungua kitabu gani? Atarudi kwenye kanda za zamani, ambamo sauti ya chini ndiyo inayofifia kabla ya nyingine zote.

Tulinganishe na habari ya Marekani. James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 1983, alipiga besi katika nyimbo nyingi mno za kampuni ya Motown mjini Detroit, akitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Kwa miaka mingi jina lake halikuchapwa kwenye sahani zile. Lilianza kuonekana mwaka 1971. Mwaka 1989, miaka sita baada ya kifo chake, Allan Slutsky alitoa kitabu kiitwacho Standing in the Shadows of Motown, ambamo besi zake zimeandikwa noti kwa noti. Tangu hapo mtu ambaye hakupata kumwona Jamerson aliweza kuuketisha mbele yake mkono wa Jamerson na kuuuliza maswali. Tena kisa hiki kinamjibu yule asemaye kwamba kusoma huua sikio, kwa kuwa Jamerson mwenyewe alijua kusoma noti, na hakuna aliyewahi kumshitaki kwa ukavu.

Sasa tuje kwa mshauri wa tatu. Maandishi yake huitwa tabulatura. Huchorwa mistari minne kwa mfano wa nyuzi nne, na juu ya kila mstari huwekwa tarakimu: sufuri ni uzi mtupu, tatu ni chuma cha tatu, na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba mtu huweza kuanza leo hii. Uzuri wake wa pili ni kwamba huonyesha mahali barabara; maana katika gitaa la besi sauti moja ina makao kadhaa. Sol ya uzi mwembamba ukiwa mtupu hupatikana pia katika chuma cha tano cha uzi wa Re, cha kumi cha uzi wa La, na cha kumi na tano cha uzi wa Mi. Noti husema sauti ni Sol, ikamwachia mpigaji achague, tabulatura humchagulia.

Wala njia hii si uzushi wa juzi. Wapigaji wa luti wa Ulaya, ambayo ni mtoto wa udi wa Waarabu, walikuwa na tabulatura zao katika karne ya 16, na juu ya herufi au tarakimu zao waliweka alama za muda. Basi kosa si la tabulatura kwa asili yake. Kosa ni la desturi ya siku hizi ya kuziandika tarakimu bila alama za muda, kana kwamba kujua mahali pa kukanyaga ni kujua kucheza ngoma. Mwanafunzi huipiga karatasi hiyo barabara ikiwa wimbo ameusikia mara mia. Akipewa wimbo ambao hajapata kuusikia, karatasi huwa bubu.

Msomaji wa fasihi yetu anaujua ugonjwa huu kwa jina jingine. Mashairi ya pwani yaliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na bila herufi zile tungekuwa maskini wa tenzi. Lakini herufi hizo, kabla ya kutiwa alama za ziada, zilikuwa na irabu tatu kwa lugha yenye irabu tano. Neno "huku" na neno "huko" yaliweza kuandikwa namna moja. Kadhalika "bata" na "pata". Aliyelijua shairi alilisoma bila kukwama, maana kumbukumbu yake ilijaza mapengo; asiyelijua alibahatisha, na wahariri wa siku za baadaye wamegombana juu ya mapengo hayo hayo. Maandishi ya namna hii humkumbusha ajuaye wala hayamfundishi asiyejua. Tabulatura isiyo na muda ni maandishi ya kukumbushia. Ifaapo, itumiwe hivyo; isiitwe kusoma.

Noti zimebeba yote mawili. Mistari ni mitano; alama ya besi huwekwa mwanzo wake, na vitone vyake viwili huukumbatia mstari wa nne kutoka chini, kutangaza kwamba huo ndio Fa. Kutoka hapo mengine yote huhesabiwa. Nyuzi nne zikiwa tupu zina makao mepesi kukumbuka: Sol hukaa katika nafasi ya juu kabisa, Re juu ya mstari wa katikati, La katika nafasi ya chini kabisa, na Mi nje ya mistari mitano, juu ya kijistari kidogo kilichoongezwa chini. Anayeanza ajue pia kwamba besi huandikwa oktava moja juu ya inavyolia, ili vijistari vya kuongeza visirundikane. Ama muda, huonyeshwa na umbo la noti: duara tupu ni mapigo manne, duara tupu lenye mkia ni mawili, duara jeusi lenye mkia ni moja, na mkia ukiongezwa bendera ni nusu ya pigo. Kimya nacho kina alama zake, nacho huhesabiwa.

Neno hili la kimya lastahili kutuliwa, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi aliyelelewa na ushairi husaidiwa na kuponzwa kwa pamoja. Husaidiwa, kwa kuwa amezoea kuhesabu. Kipande cha utenzi kina mizani 8. Na kifungu cha muziki chenye mapigo manne, kila pigo likigawanywa mara mbili, kina nafasi 8. Ukimwambia ajaze nafasi hizo kwa silabi za kipande cha utenzi, atakuwa amepiga kifungu chake cha kwanza bila kujua. Huponzwa, kwa kuwa mizani ya ushairi huhesabu silabi wala haipimi muda. Mghani yu huru kuivuta silabi hii na kuifupisha ile. Zaidi ya hayo, ushairi hauna mizani ya kimya. Besi inayo. Mpigaji akikosea sauti, aghalabu ni wachache watakaong'amua; lakini akiijaza nafasi iliyotakiwa kuwa tupu, jukwaa zima hujikwaa.

Haya hayana maana kwamba mistari mitano haina upungufu. Maqamu za Rast na Bayati, zitumiwazo katika taarabu, zina sauti zilizo baina ya zile ambazo noti za kawaida huzitaja, na huhitaji alama za kuongezwa. Hata zikiongezwa, gitaa lenye vyuma shingoni haliwezi kuzitoa kwa kukanyaga tu, ilhali besi ya kusimama yaweza. Hapo sikio hurudi kuwa hakimu. Wala noti haziandiki uzito wa kidole, wala ile tabia ya kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma ambayo wachezaji huihisi miguuni. Anayedai kwamba karatasi imebeba muziki wote anadai kisichowezekana.

Kuna pia urithi ambao washauri wote watatu huusahau. Makanisa na shule za misheni zililea watu wengi katika sol-fa ya herufi, iliyoanzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga kwa maandishi hayo wimbo wake wa mwaka 1897, ambao sauti yake ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania. Katika sol-fa hii "do" huhama. Huenda popote wimbo unapoanzia. Na shingo ya gitaa la besi, kwa kuwa nyuzi zake zimepishana kwa kipimo kimoja, ina tabia hiyo hiyo: umbo la mkono la "do" na "sol" halibadiliki likihamishwa juu au chini. Mwanakwaya wa zamani, basi, anajua nusu ya chombo kabla ya kukigusa. Ni hasara kumwanzisha kana kwamba hajui lolote.

Hukumu yetu ni hii. Mwanafunzi wa besi asome noti, lakini mpango wa masomo ufuate asili ya jambo. Aanze na uzi mmoja mtupu na mapigo manne, akihesabu kwa sauti. Kisha aliache pigo la tatu liwe kimya, bila kuharakisha la nne. Huo ndio muda, nao waweza kuandikwa kwa noti siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla ya kujua majina ya mistari. Baadaye aongeze uzi wa pili, ajue "do" na "sol" kwa sikio, ndipo aonyeshwe makao yake kwenye mistari. Tabulatura aitumie kuuliza mahali pa kidole, asiiulize saa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa Unguja mwaka 2002, kimefundisha taarabu pamoja na noti. Basi tusiambiwe kwamba mambo haya mawili hayawezi kukaa pamoja.

Na mwanafunzi aliyekwisha kusoma kwa mwaka mmoja tunamwomba kazi moja. Amtafute mpigaji mzee wa besi ya dansi au ya taarabu, aketi naye, aandike besi ya wimbo mmoja pamoja na vimya vyake vyote. Kisha ampigie mzee yule kile alichokiandika. Mzee akitikisa kichwa, karatasi ifutwe na kuandikwa upya, hata mara kumi, mpaka mwenye wimbo aseme kwamba ndivyo.