Uprotestanti Unaochezwa kwenye Kompyuta

Michezo ya kompyuta haifanani yote. Ipo ya mpira, ipo ya kupiga risasi, na ipo ile ambayo mchezaji huketi kama mkuu wa nchi: anapanga, anahesabu, anajenga, anangoja zamu yake. Wazazi wengi huku kwetu, Bukoba na Muleba, huiita yote kwa jina moja, kupoteza muda. Mimi nataka kuutazama mmoja wa aina hiyo ya mwisho, uitwao Civilization VI, kwa sababu humo wamo wamisionari, mitume, zaka na dini nyingi, Uprotestanti ukiwa mojawapo. Mchungaji akisikia kwamba Uprotestanti unachezwa kwenye kompyuta, ana haki ya kwenda kuangalia. Nilikwenda, nikiongozwa na vijana wawili wa kwaya wenye subira kuliko mimi.

Mchezo wa kwanza wa jina hilo ulitoka mwaka 1991. Huu wa sita ulitoka 2016. Ramani imegawanywa vyumba vidogo kama sega la nyuki. Unaanza na watu wachache wasio na mji, na ukienda vizuri unafika zama za roketi. Unaweza kushinda kwa vita, kwa sayansi, kwa utamaduni, au kwa dini. Kwa dini, unashinda pale dini yako inapokuwa na wafuasi wengi katika zaidi ya nusu ya miji ya kila taifa.

Sifa zake nazitaja bila kinyongo. Mchezo huu unamfundisha kijana kwamba kila unachojenga kimekula nafasi ya kitu kingine. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14, alitumia mfano wa mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, na wa mfalme anayepima askari wake kabla ya kwenda vitani. Kijana aliyecheza mchezo huu kwa makini angeweza kuwasaidia baadhi ya wajumbe wa kamati za ujenzi, wale wanaotuachia misingi ya makanisa iliyomea majani.

Lakini tazama imani inavyohesabiwa humo. Juu ya kioo cha kompyuta kuna tarakimu inayoonyesha imani uliyo nayo, kando ya tarakimu ya dhahabu. Ukijenga mahali pa ibada, inaongezeka kila zamu. Ikitosha, unanunua mmisionari. Kwa Mlutheri jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ni imani inayopatikana kwa matendo, inawekwa akiba, kisha inatumika sokoni. Martin Luther aliandika hoja 95 mwaka 1517 dhidi ya biashara iliyofanana mno na hiyo, na sasa jina la kanisa lililotokana naye ni moja ya majina unayoweza kubandika juu yake. Nasema kubandika kwa sababu ndivyo ilivyo: mafundisho unayachagua katika orodha, na fundisho lile lile unaweza kulipa dini yoyote. Zaka inaleta dhahabu, iwe chini ya jina la Uprotestanti au la Uislamu. Hakuna msalaba, hakuna neema, hakuna mtu anayetubu. Mitume wakikutana na mitume wa dini nyingine hupigana kwa radi, na hilo, nakiri, lilituchekesha sana.

Mmisionari naye ana nafasi 3 tu za kueneza dini. Akizimaliza anatoweka kwenye ramani. Haugui malaria, hajifunzi Kihaya, hazikwi kibanjani kwa mtu.

Jambo lililonishika zaidi ni taifa la Kongo. Kiongozi wake mchezoni ni Mvemba a Nzinga, yule mfalme aliyebatizwa mwaka 1491 na kuitwa Afonso. Watunzi wamempa sharti ambalo wengine hawana: hawezi kuanzisha dini, wala kujenga eneo takatifu. Anaweza kupokea tu, na hukasirika ukiwa na dini yako usimpelekee. Nimeelewa walichotaka kusema, kwamba alikuwa mfalme aliyeipokea imani ya wageni kwa moyo. Lakini Afonso wa historia alijenga makanisa, na mwanawe Henrique alifanywa askofu mwaka 1518. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kulalamikia biashara ya watumwa iliyokuwa ikiwamaliza watu wake. Aliyepokea alikuwa pia na kauli.

Na sisi wa Kagera tunaijua habari hiyo kwa karibu. Wamisionari wa Betheli walipofika Buhaya mwaka 1910 waliwakuta Wahaya wanaosoma Biblia ya Kiganda, akiwamo Andereya Kajerero. Neno lilikuwa limetangulia, likiletwa na watu waliokwenda Uganda na kurudi. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, kanisa lilibaki mikononi mwa hao hao, wala halikufa. Mwaka 1977 Josiah Kibira, askofu wetu, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Sioni chumba kwenye ile ramani ambamo mambo hayo yangeweza kutokea, maana hakuna mchezaji aliyeyapanga.

Hapo ndipo naogopa, na siwaogopei vijana. Wao wanajua kuwa ni mchezo. Nawaogopea tunaoketi vikaoni na mpango mkakati wa miaka mitano: wabatizwa wangapi, kipaimara wangapi, bahasha zilizorudi na ambazo hazikurudi. Hesabu hizo zinahitajika, nami nazijaza kila mwaka. Lakini mzee wa kanisa anayemjua mjane kwa namba ya bahasha yake, asijue kwamba mkungu alioleta mnadani Jumapili ndio pekee uliokomaa katika kibanja chake, ameshaanza kumtazama kutoka juu, kama mchezaji. Daudi alipowahesabu watu, katika 2 Samweli 24, Yoabu mkuu wa jeshi ndiye aliyeona ubaya wake kwanza, na hakusikilizwa.

Vijana waliniuliza kama waufute kwenye kompyuta ya usharika. Nimewaambia waache. Wiki hii wanacheza upande wa Kongo, na mmoja wao ameniomba kitabu kinachomhusu huyo Askofu Henrique.