Unene wa Mstari

Mstari anaoupima mpima ardhi hauna unene. Una mwanzo na mwisho, una kona zake, na kila kona ina namba zake za latitudo na longitudo. Lakini unene hauna, wala rangi. Ukiutazama ndani ya kompyuta utakuta safu ya namba tu, na kando yake neno moja au mawili: barabara, mtaro, mpaka wa kata. Ni pale mtu anapotaka kumwonyesha mwenzake ndipo swali linapozuka: uchorwe kwa wino gani, na mnene kiasi gani? Swali hilo wengi hulichukulia kuwa ni la urembo. Mimi naona ni la maana zaidi, na nataka kulihakiki hapa kwa sababu siku hizi hujibiwa mahali ambapo mhakiki hafiki, yaani ndani ya programu za kugeuza data ya ramani kuwa faili la PDF.

Msomaji asiyezoea mambo haya aniruhusu nieleze kidogo. PDF ni aina ya faili iliyoletwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na shabaha yake ilikuwa ukurasa uonekane vilevile katika kila kompyuta na kila printa. Mwaka 2003 yaliongezwa matabaka, hata vitu vya ukurasa mmoja vikaweza kuwashwa na kuzimwa kundi kwa kundi. Na tangu mwaka 2008 programu ya Acrobat inaweza kusoma namba za mahali zilizotiwa ndani ya ukurasa: ukigusa njia panda fulani kwenye ramani, unaambiwa latitudo na longitudo yake. Hiyo ndiyo PDF ya kijiografia. Kwa mtu asiyekuwa na programu ghali za ramani ni neema kubwa, na sisemi hivyo kwa adabu tu.

Sisi wa zamani tulijifunza kuchora ramani kwa kalamu za wino zenye ncha ya bomba. Zilikuwa na ukubwa uliopangwa: 0.13, 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na 1.0, zote kwa milimita. Mwanafunzi mgeni hudhani namba hizo zimetupwa ovyo. La hasha. Kila kalamu ni nene kuliko iliyotangulia kwa takriban mara 1.4, na hicho ndicho kiasi ambacho ubavu wa karatasi ya A3 huuzidi ubavu wa A4. Kwa hiyo ukipunguza mchoro wa A3 hadi A4, mstari wa 0.35 unakuwa wa 0.25, na ukitaka kuusahihisha, kalamu yake imo katika kasha. Aliyezipanga kalamu hizo alikwisha kumfikiria mtu atakayepunguza karatasi. Ndani ya PDF kipimo ni pointi, 72 katika inchi moja. Pointi moja basi ni milimita 0.35, ile kalamu yetu ya katikati. Tofauti ni kwamba kalamu ilikulazimisha kuchagua, kwani huwezi kuchora kwa kalamu isiyo na ncha. Kompyuta haikulazimishi; usipoiambia kitu huchora hivyo hivyo, kwa unene iliopewa na fundi aliye ng'ambo, ambaye hajui kama unachora mto au ua wa shule.

Chukua mathalani programu ya FME ya kampuni ya Safe Software ya Kanada. Kazi yake ni kuhamisha data kutoka aina moja ya faili hadi nyingine, na aina inazozijua ni mamia. Kwa ajili ya PDF ina chombo kiitwacho PDFStyler, ambacho huambiwa rangi ya mstari, unene wake, na rangi ya kujaza eneo. Kisha kipo PDFPageFormatter cha kupanga ukurasa na kuamua kipi kichorwe kabla ya kipi. Sina ugomvi na vyombo hivi. Ni vizuri, na anayevijua hufanya navyo mambo ya kupendeza. Lawama yangu ni juu ya desturi iliyojengeka kuvizunguka. Katika ugeuzaji mwingine wote wa data sifa ya kazi ni uaminifu: kilichoingia ndicho kitoke, pasipotee hata nukta. Fundi amelelewa katika sifa hiyo. Anapofika kwenye PDF anaendelea nayo, anatoa kila kitu alichonacho, kila kimoja kwa rangi yake, na anaridhika kwamba hakikupotea kitu. Lakini mchora ramani huhukumiwa kwa alichokiacha, na kwa alichokitanguliza mbele ya kingine. Uaminifu wa mgeuzaji, ukifika kwenye karatasi, hugeuka kuwa vurugu.

Mifano haiko mbali. PDF hupaka kama mpaka rangi wa ukutani: kinachokuja baadaye hufunika kilichotangulia. Eneo la kata likijazwa manjano baada ya mitaro kuchorwa, mitaro imekwisha. Fundi akigundua hivyo hulegeza ile manjano ili ya chini yaonekane, naye hufurahi. Kumbe manjano hafifu juu ya buluu hutoa kijani, na kijani katika ufunguo wa ramani yake ni miti. Ufunguo wenyewe mara nyingi huchorwa kando, kwa rangi ambazo hazijachanganyika na kitu, hivyo msomaji hutafuta katika ramani rangi ambayo haimo. Au tazama njia ya miguu, ambayo desturi yake ni mstari wa vikato. Data aghalabu huja ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo, na vikato huanza upya katika kila kipande; kipande kikiwa kifupi kuliko kikato kimoja, njia yote hutoka imekaza kama barabara. Dawa yake ni kuviunga vipande kwanza, kisha ndipo uchore. Na barabara yenye kingo nyeusi na tumbo jekundu inatakiwa ichorwe mara mbili, kingo zote kwanza na matumbo yote baadaye, la sivyo kila njia panda hufungwa kwa mistari myeusi kana kwamba pamewekwa vizuizi. Haya yote mchoraji wa kale aliyafanya kwa mkono bila kuyapa jina.

Kazi kubwa ya hadhara katika uwanja huu ni ramani za US Topo za Shirika la Jiolojia la Marekani, na inafaa kuzitazama kwa haki. Shirika hilo, kati ya miaka ya 1940 na mwaka 1992, lilichapa zaidi ya karatasi 55,000 za skeli ya 1:24,000, kazi ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya karne ya 20, ingawa haina jalada. Mwaka 2009 lilianza kutoa ramani mpya za eneo lilelile kwa PDF ya kijiografia, bila malipo kwa mtu yeyote popote alipo. Nimezisoma nyingi. Zinatengenezwa kwa wingi na kompyuta kutoka hazina za data za taifa, bila mpimaji kupelekwa uwandani kuhakikisha, na mwanzoni vitu vingi vilivyokuwamo katika karatasi za zamani havikuonekana. Wengi waliwalaumu kwa hilo. Mimi naona kosa la mtindo ndilo lenye mafunzo zaidi. Chini ya mistari waliweka tabaka la picha iliyopigwa kutoka angani. Juu ya picha ya msitu, mstari mwembamba wa kontua hupotea. Ukiizima picha, mstari ule ule unabaki peke yake juu ya weupe, na ukurasa unaonekana kama nyumba iliyohamwa. Mtindo mmoja umetakiwa kufaa katika hali mbili zisizofanana. Na si mbili tu. Ramani yenye matabaka 8 ya kuwasha na kuzima ina sura 256, na sidhani kuna mchoraji duniani aliyewahi kuzitazama zote kabla ya kuitoa. Uhuru huu aliopewa msomaji kwa upande mmoja ni heshima. Kwa upande wa pili ni mchoraji kumwachia msomaji kazi yake, kama mpishi anayekuletea chumvi, ndimu na nyama mbichi, akakuambia ujipangie.

Wamarekani, hata hivyo, wanaweza kustahimili ramani hafifu, wanazo nyingine. Nyumbani Dar es Salaam hesabu ni nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na mabonde kama la Msimbazi yalijulikana hata kwa wasiopata kufika. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walipita mitaani wakiandika nyumba, vichochoro, na mifereji ambayo haikuwa katika ramani yoyote. Data nzuri basi ipo, na imepatikana kwa jasho. Ninayotaka kuihakiki si ramani ya mradi huo, bali moja iliyotolewa baadaye na ofisi ambayo sitaitaja, ikiwa PDF ya kijiografia yenye matabaka yake yote, kwa kata moja ya bondeni.

Kwenye kompyuta ramani hiyo inapendeza. Mitaro ni buluu, vichochoro ni kahawia, vyote kwa mstari wa nusu pointi. Eneo la mafuriko ni buluu iliyolegezwa. Ukizima majengo unaona maji, ukizima maji unaona majengo. Lakini mtendaji wa mtaa hana haja ya kuzima na kuwasha. Anahitaji karatasi ya kubandika mlangoni. Faili lilichapwa mara moja kwa rangi, A3, kisha likatolewa fotokopi nyeusi za A4 kwa ajili ya wajumbe wa mashina. Buluu ile na kahawia ile, zikipita katika mashine ya fotokopi, hutoka kijivu kimoja. Nusu pointi ni milimita 0.18, ikipunguzwa hadi A4 inakuwa 0.13, kalamu nyembamba kuliko zote katika kasha, ile tuliyokuwa tukikatazwa kuitumia kwa kitu cha maana. Basi mtaro na kichochoro vimekuwa kitu kimoja. Kwa mama anayetaka kujua apitishe wapi watoto maji yakija usiku, mchanganyiko huo unaweza kumpeleka mahali pabaya, kwani kichochoro ndiyo njia yake na mtaro ndiyo njia ya maji.

Mfaransa Jacques Bertin, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu lugha ya michoro, alitofautisha rangi na kiwango cha giza, akaonyesha kwamba macho hupanga vitu kwa giza na mwanga, si kwa buluu na nyekundu. Mchoraji wa ramani ya bondeni angalifuata hilo asingehitaji rangi hata moja. Mtaro angaliuchora kwa milimita 0.7, mweusi kabisa. Kichochoro kingepewa 0.35 cha vikato, baada ya vipande kuungwa. Nyumba zingekuwa kijivu hafifu bila kingo, na eneo la mafuriko lingetiwa mistari ya mshazari, ambayo fotokopi haiwezi kuimeza. Kila moja ya namba hizo ingeandikwa katika PDFStyler kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Majaribio nayo si ghali: chapa, punguza, piga fotokopi ya fotokopi, kisha mpe mtu asiyeijua kata akuonyeshe kwa kidole maji yatapita wapi.

Nilikwenda kuiona nakala moja ilipobandikwa, kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, chini ya tangazo la chanjo. Mtu, sikuambiwa ni nani, alikuwa ameupitia upya mtaro mkubwa kwa kalamu ya kawaida ya wino wa buluu, mara mbili au tatu hadi karatasi ikakaribia kutoboka, na kando yake ameandika kwa herufi kubwa: MTARO. Vile vidogo hakuvigusa.