Kifudu na Nafsi ya Jumuiya: Utaratibu wa Hisia katika Masimulizi ya Mekatilili wa Menza

Masimulizi yamhusuyo Mekatilili wa Menza yamezoeleka kusomwa kama fasihi ya hasira. Katika usomaji huo mwanamke wa Kigiriama anaikabili serikali ya kikoloni mwaka 1913, anawachochea watu wake, na vita vinafuata mwaka 1914. Usomaji huu si wa uongo, bali ni finyu. Unaliruka swali ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuliuliza: mtendaji huyu aliteua utanzu gani wa kuwakusanyia watu, na kwa nini ukawa huo na si mwingine?

Utanzu wenyewe ni kifudu, ngoma ya matanga. Wagiriama wana ngoma za furaha, za uganga na za vijana, na yoyote kati ya hizo ingeweza kuvuta umati. Mekatilili aliichukua ile ya msiba akaizungusha kijiji hadi kijiji kabla risasi ya kwanza haijalia. Uteuzi huo ndio kiini cha jambo. Jumuiya iliitwa kuomboleza mapema kwa ajili ya mashamba ya kaskazini mwa mto Sabaki waliyotakiwa kuyahama, kwa ajili ya vijana waliotakiwa kupelekwa vibaruani, na kwa ajili ya kodi ya vibanda iliyoingia hata nyumbani mwa mjane. Mtu mmoja mmoja alikuwa na hofu yake. Ndani ya kifudu hofu hiyo ilipata mapigo, kiongozi na waitikiaji. Kilio chenye mahadhi si kilio tupu. Aliaye lazima amsikilize mwenzake ili adake kiitikio kwa wakati wake. Utulivu uliopatikana hapo haukuwa wa kunyamaza. Ulikuwa utulivu wa watu waliokwisha kulia pamoja na sasa wanaweza kushauriana.

Mwaka 1912, yaani mwaka mmoja tu kabla ya matukio haya, Émile Durkheim alichapisha huko Ufaransa kitabu chake kuhusu maumbile ya awali ya maisha ya kidini, akidai kwamba mkusanyiko wa ibada huzaa mchemko wa hisia unaomtoa mtu nje ya nafsi yake. Dhana hiyo inafaa, lakini kwa kifudu inahitaji kugeuzwa kidogo. Mchemko humfanya mtu ajisahau. Kifudu humkumbusha mtu aliyemzika ni nani. Ni vigumu kuiita hali hiyo ulevi wa umati.

Kisa cha kuku na vifaranga kinathibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Husimuliwa kwamba katika baraza la Agosti 1913 Mekatilili alileta kuku mwenye vifaranga, akamtaka Arthur Champion, afisa wa serikali, ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, naye akadonolewa. Masimulizi hutofautiana kuhusu yaliyofuata, na haimlazimu mhakiki kuamua ni lipi lililotokea kweli. Kifani, kisa hiki ni drama fupi ambayo adui anapewa nafasi ya mhusika bila kuulizwa. Hadhira inacheka kabla ya kukasirika. Kicheko hicho kinapunguza ukubwa wa afisa na kuurejesha katika kipimo cha uani, mahali ambapo kila mama anajua kuku hufanya nini.

Hata hivyo, ni makosa kuipamba jumuiya hii kupita kiasi. Sambamba na ngoma vilikuwako viapo vilivyoliwa Kaya Fungo: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Aliyevunja kiapo alitarajia mauti. Umoja wa nafsi ulikuwa na upande wake wa kutisha, na wale waliofanya kazi na serikali waliuonja. Mhakiki anayesifu kiitikio na kukikwepa kiapo anasoma nusu ya matini.

Mekatilili na mwenziwe Wanje wa Mwadorikola walikamatwa Oktoba 1913 wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka. Mwanzoni mwa Agosti 1914, siku zile zile Uingereza ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Baada ya mapigano Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kudaiwa wapagazi wa kuihudumia vita hiyo isiyokuwa yao. Huko Ulaya, Durkheim naye alimpoteza mwanawe André vitani mwaka 1915. Mwaka 1917 alifariki. David Parkin, katika utafiti wake wa mwaka 1991, ameonyesha kwamba kaya, ingawa karibu tupu, iliendelea kuwa kitovu cha mawazo ya Wagiriama. Baruti ilibomoa mahali. Haikujua kwamba utupu ulikuwa sehemu ya maana yake.

Thamani ya hoja hii ilijitokeza upya mwaka 2020. Katika janga la korona, kaunti ya Kilifi ilifungiwa mipaka mwezi wa Aprili pamoja na Kwale na Mombasa, na mazishi nchini yakawekewa kikomo cha watu 15. Kwa afya ya umma amri hiyo ilikuwa na sababu zake. Kwa jamii ambayo matanga ndiyo shule yake ya hisia, ilikuwa sawa na kumwachia mwimbishi wimbo bila waitikiaji. Watu walitakiwa watulie, na wakati huo huo wakanyang'anywa chombo walichozoea kutulizana nacho.

Sanamu ya Mekatilili iliyosimamishwa Malindi mwaka 2010 ni ya mtu mmoja. Mchongaji hawezi kulaumiwa, maana shaba na saruji hazina nafasi ya kiitikio. Lakini hata matini zilizoandikwa zimefuata mkondo huo: zinamtaja kiongozi, tarehe za kukamatwa kwake na safari yake ya kurudi kwa miguu, na wanawake waliomwitikia kijiji baada ya kijiji hawatajwi isipokuwa kwa neno moja, umati.