Posa Tatu za Jumba la Njano

Christian wa Glücksburg na mkewe Louise waliishi katika Jumba la Njano, Copenhagen, kwa kipato cha afisa wa jeshi. Mabinti zao wakubwa, Alexandra na Dagmar, walilala chumba kimoja na kujishonea nguo. Mwaka 1852 mataifa makubwa yalimteua Christian kuwa mrithi wa ufalme wa Denmark, na mabinti wale wakaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Wengi husifu uzuri wao. Kwangu mimi, kilichofanya kazi zaidi ni hesabu za dini na siasa, na subira ya mama yao.

Posa ya Alexandra ndiyo iliyofungua njia. Malkia Victoria alimtakia mwanawe, Edward, mchumba Mprotestanti wa damu ya kifalme. Sharti la dini peke yake liliwaondoa mabinti wa Austria, Hispania na Ureno. Mshenga alikuwa Vicky, dada yake Edward aliyeolewa Prussia. Aliwapitia mabinti wa Kijerumani, asimpate wa kufaa. Jina la Alexandra lilizua wasiwasi, kwa kuwa Denmark ilikuwa na mgogoro na Wajerumani juu ya majimbo ya Schleswig na Holstein. Hata hivyo Vicky aliwakutanisha vijana hao tarehe 24 Septemba 1861 katika kanisa kuu la Speyer, ikaonekana kama wamekutana kwa bahati. Ulikuwa mpango wa busara: wasipopendana, hakuna aliyeposa wala aliyekataliwa. Mwaka uliofuata Edward aliposa huko Laeken, Ubelgiji, kwa mfalme Leopold, mjomba wa Victoria. Ndoa ilifungwa Windsor tarehe 10 Machi 1863.

Urusi ilikuwa na sharti lake: bibi harusi aingie Kanisa la Orthodox. Dagmar alichumbiwa na Nikolai, mrithi wa kiti, ambaye alifariki Nice Aprili 1865. Mwaka uliofuata akaolewa na mdogo wa marehemu, Alexander, akaitwa Maria Feodorovna. Naye Thyra, mdogo wao, aliolewa mwaka 1878 na Ernst August wa Hanover, ambaye ufalme wa baba yake ulikuwa umemezwa na Prussia tangu 1866.

Je, Denmark ilifaidika? Vita vya 1864 vinajibu. Alexandra hakuwa ametimiza mwaka katika ndoa Prussia na Austria zilipoivamia nchi ya baba yake. Aliwasihi wakwe zake waisaidie, lakini uamuzi wa vita ulikuwa mikononi mwa mawaziri, na mumewe hakuwa na mamlaka yoyote. Schleswig, Holstein na Lauenburg zikapotea.

Mwaka 1890 alijaribu tena, safari hii katika jambo linalotugusa sisi wa pwani. Uingereza ilitaka kuipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, nayo Ujerumani itambue ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar na kuachia Witu. Alexandra aliandika waraka wa kupinga, akihofia nguvu ya Wajerumani katika Bahari ya Kaskazini. Mkataba ulitiwa saini tarehe 1 Julai.

Undugu huu ulisaidia mtu mmoja mmoja, na hata hapo kwa kuchagua. Mwaka 1917 George V, mwana wa Alexandra, hakutaka Nicholas II, mfalme wa Urusi aliyepinduliwa na mtoto wa mama yake mdogo Dagmar, apewe hifadhi Uingereza. Mwaka 1919 manowari ya Uingereza, Marlborough, ilitumwa Crimea kumchukua Dagmar mwenyewe.