Hadithi ya Mbwaa na Watu Waliokosa Njia

Ewe msomaji, kama umezaliwa Meru, yamkini uliisikia hadithi ya Mbwaa kabla hujajua kusoma. Kama umezaliwa Embu, au mbali zaidi, huenda ulikutana nayo kwanza katika kitabu cha darasani, imefupishwa kwa aya mbili: watu walikuwa utumwani, wakamlilia Mungu, mzee akayapiga maji kwa fimbo, maji yakagawanyika, wakavuka salama. Kisha likafuata swali la mazoezi: Hadithi hii yatufundisha nini? Na jibu lililotakiwa ni kwamba yatufundisha kumtegemea Mungu wakati wa shida.

Jibu hilo si uongo. Lakini nimelisahihisha mara nyingi mno, tangu nilipokuwa mwalimu wa shule hata sasa ninapofundisha walimu wa kesho chuoni, na kila mara mkono wangu husita kabla ya kutia alama. Nahisi kwamba aliyeandika jibu hilo hakuisoma hadithi. Aliusoma mwisho wake tu. Basi na tuipime kama tunavyopima tamthilia au utenzi, tuone tumaini limewekwa mahali gani hasa ndani yake.

Kwanza tuisikie yote. Masimulizi hayafanani kila mahali. Igembe, Tigania, Imenti na Tharaka wana namna zao, nami naeleza kama nilivyosimuliwa. Hapo kale mababu wa Wameru walikaa Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji. Wakatawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watawala hao, wakitafuta kisa cha kuwaangamiza, waliwaamuru kazi zisizowezekana. Leteni ndama atoaye mavi meupe. Toeni tunda lililo ndani ya shimo refu, bila kulidunga wala kuingia shimoni. Leteni ndara yenye manyoya upande wa juu na upande wa chini. Leteni mbwa mwenye pembe. Na mwisho, fueni mkuki mrefu unaofika mbinguni.

Tazama jinsi wanyonge hao walivyojibu. Ndama alinyimwa majani akanyweshwa maziwa. Shimo lilijazwa maji hata tunda likaelea. Ndara ilikatwa katika ngozi ile inayoning'inia chini ya shingo ya fahali, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Mbwa alibandikwa pembe za paa kwa ulimbo. Kwa muda wote huu hadithi haitaji muujiza hata mmoja. Wazee wanakutana, wanashauriana, wanatenda. Akili ya mwanadamu inakamuliwa hadi tone la mwisho. Ndipo unapokuja mkuki wa kufika mbinguni, na hapo akili inakwama, maana hakuna chuma cha kutosha duniani wala mhunzi wa kukifua.

Hapa ndipo ninapouona ustadi wa wasimulizi wetu. Wanatujengea shida ngazi kwa ngazi. Kama wangeanza na mkuki, tungewadhania watu wa Mbwaa kuwa ni wavivu wanaokimbilia maombi kabla ya kunyosha mkono. Kwa kuwa wameanza na ndama, sisi tunaosikiliza tumecheka pamoja nao, tumefurahia werevu wao, na tunapofika kwenye mkuki twajua kwa hakika kwamba njia imekwisha. Kicheko kinakatika ghafula. Kitabu cha darasani kinachoziacha kazi hizo, ati ni mambo ya kuchekesha watoto, kimeng'oa nguzo ya katikati, kisha kinashangaa kwa nini nyumba imelala.

Linganisha na hadithi ya asili ya Waembu. Huko husimuliwa habari za Mwenendega, ambaye Mwene Njeru, Mwenye jua, alimjalia mke mzuri na mali nyingi, na uzao wao ukaijaza nchi. Mahali patakatifu pa Mwenendega, karibu na Runyenjes, pangali panatajwa hata leo. Ni hadithi tamu, nami naipenda kwa upole wake. Lakini Mwenendega hapitishwi motoni kabla ya kupewa. Mungu wa hadithi hiyo ni mpaji. Murungu wa Mbwaa anangojewa. Ndiyo sababu mtu aliyefikwa na msiba hafarijiwi sana kwa kusimuliwa habari za Mwenendega.

Wanafunzi huniuliza: Je, hii si hadithi ya Musa iliyovikwa mavazi ya Kimeru? Swali ni la haki. Wamisionari walianza kazi Embu na Meru karibu na mwaka 1910, na tangu hapo kitabu cha Kutoka kimesomwa kila kijiji. Padre Bernardo Bernardi, aliyechapisha kitabu chake juu ya Mugwe, kiongozi wa baraka wa Wameru, mwaka 1959, alizipokea habari hizi kwa wazee ambao baadhi yao walikuwa watu wazima kabla Biblia haijaenea huku. Siwezi kukuapia kwamba hakuna uzi hata mmoja uliotoka Biblia ukasukwa humu. Lakini soma sawasawa. Firauni naye aliamuru kazi ngumu, matofali bila kupewa majani; Waisraeli walipigwa na kulia, hawakumshinda kwa werevu. Firauni alipigwa kwa mapigo kumi. Katika masimulizi niliyoyasikia, Nguo Ntune hawapigwi hata pigo moja. Hawanyauki, hawapati majipu, wazaliwa wao wa kwanza hawafi. Mungu wa hadithi hii hamwadhibu mtu. Anafungua njia tu. Mwenye kuiga haachi sehemu ya kusisimua kuliko zote.

Turudi pwani. Kiongozi wao, Koomenjoe, aliomba muda kana kwamba mkuki unafuliwa, na watu wakatoka kwa siri. Walipofika majini hapakuwa na chombo. Masimulizi mengi husema kwamba hapo ilitakiwa sadaka, na si ya mbuzi. Mtu mmoja alijitoa mwenyewe, na wengi humtaja kwa jina la Gaita. Ndipo fimbo ikayapiga maji.

Najua kwa nini waandishi wa vitabu vya shule wameliondoa jambo hili. Hata mimi sipendi kulisimulia mbele ya watoto wadogo. Ila ninyi si wadogo tena, na nawaomba mtambue kilichopotea lilipoondolewa. Bila Gaita, mtu anapiga maji kwa fimbo na maji yanamtii, kama mchezo wa mazingaombwe. Pakiwapo Gaita, kuna mtu aliyeamini kwamba wenzake watavuka, naye akijua wazi kwamba yeye havuki.

Wako pia wasomi wanaotaka kuiondoa fimbo yenyewe. Jeffrey Fadiman, aliyeandika historia ya Wameru kutokana na masimulizi ya wazee, aliihusisha Mbwaa na Mbwara Matanga katika kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Msomaji wa pwani atatabasamu, maana anaujua mlango wa Mkanda ulio kati ya Manda na bara: maji yakipwa, hata chombo kidogo hukwama topeni, na abiria wa Pate hungoja maji yajae ndipo wapite. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa zaidi. Basi, husema wajuzi, palikuwa na muujiza gani? Palikuwa na maji kupwa.

Huenda ikawa hivyo. Mimi sioni kwamba hadithi inabomoka. Aliyewajaza tunda shimoni kwa maji ndiye yuleyule angeweza kuyahesabu maji ya bahari na kuuchagua usiku wa kutoka. Kumtegemea Mungu na kuutazama mwezi havijawahi kugombana huku kwetu. Mkulima wa Nkubu huomba mvua na huku jembe lake limekwisha kunolewa. Kinachonisumbua katika maelezo hayo ni jambo jingine: yanazungumza kana kwamba maji yakishapwa hofu nayo hupwa.

Na hadithi haina hofu ndogo. Watu, wasema wazee, walivuka kwa makundi matatu. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, mbingu ilipoiva, wakaitwa Ndune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha kutoka wakaitwa Njeru, weupe. Koo za Wameru zilijitambulisha kwa rangi hizo kwa muda mrefu. Angalia kwanza rangi nyekundu ilivyotumika: mwanzo wa hadithi ni rangi ya nguo za mdhalimu, na mwisho wake ni rangi ya pambazuko. Sidhani kwamba msimulizi alilipanga jambo hilo kwa makusudi, lakini limo.

Kisha waangalie hao weupe. Hapa nina lawama yangu kwa wasimulizi. Wanatumia muda mwingi kwa ndama na mbwa, na muda mwingi kwa fimbo, lakini kundi la tatu wanalipa sentensi moja. Wanawake nao, ambao bila shaka walibeba watoto migongoni katika tope lile, hawapewi hata neno. Ni upungufu mkubwa. Maana watu wa Njeru walikaa ufuoni usiku kucha. Waliwasikia wenzao wakienda gizani wasiwaone. Walijua kwamba kukipambazuka Nguo Ntune wataamka, wataona nyumba tupu, watafuata nyayo. Kama ni maji kupwa, walijua pia kwamba maji yaliyopwa hurudi. Hawakuwa na fimbo mikononi mwao, wala hila iliyobaki, wala mzee wa kuwaahidi kitu. Walingoja zamu yao.

Mwaka 2021, mwezi wa Septemba, serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na nchi za chini za Tharaka na Mbeere zilikuwa miongoni mwa zilizokauka. Mwanafunzi wangu mmoja wa huko alirudi chuoni akiwa amechelewa wiki tatu, mbuzi wa nyumbani kwao wamekwisha, karo haijalipwa. Wenzake walimfariji kwa hadithi hii tuliyokuwa tumeisoma: Usihofu, Mungu atayapasua maji. Alinyamaza. Nilipowapa zoezi la kuandika juu ya Mbwaa, wao walijaza kurasa kwa fimbo ya Koomenjoe. Yeye aliandika nusu ukurasa, habari za mtu wa Njeru asiye na jina aliyekaa ufuoni akihesabu watu waliomtangulia: hawa wamevuka, hawa wamevuka, hawa bado. Mtu huyo haombi kwa sauti. Mara kwa mara anashuka, anaweka mguu majini, anapima, anarudi kuketi na watoto wake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza hadithi hii yatufundisha nini. Nauliza: Ungekuwa katika kundi lipi, na usiku ule ungefanya nini? Ukifunga shule, ukiwa na bahati ya kuwa na babu au bibi aliye hai, mwombe akusimulie Mbwaa tangu mwanzo, wala usimkatize anapofika kwa mbwa mwenye pembe. Akifika kwenye kundi la tatu, mwulize ilikuwaje kwao. Huenda akawa na maneno ambayo mimi sikuyapata.