Orodha ya Felitti, na mutoto wa Uvira

Nimesoma tena ile orodha ya maswali juu ya mateso ya utoto. Ilitoka San Diego, Marekani, kwa daktari Felitti na mwenzake Anda, mwaka 1998. Waliuliza watu wazima zaidi ya 9,000: nyumbani ulitukanwa, ulipigwa, ulibakwa? Mama alipigwa? Kuna aliyefungwa, aliyekunywa kupita kiasi? Mwenye kupitia aina nne ao zaidi, uwezekano wa kuwa amekwisha kujaribu kujiua ulikuwa karibu mara 12 ya yule asiyepitia hata moja.

Kazi kubwa, siikatai. Lakini vita haiko ndani! Mutoto aliyekimbia Uvira Oktoba 1996, ao aliyepoteza jamaa Makobola mwisho wa 1998, kwa San Diego anaweza kupata sifuri. Sifuri kabisa.

OMS imeandika fomu yake, na hapo tunajiona: askari ao wanamgambo walikupiga? Mulilazimishwa kuhama? Nyumba yenu iliharibiwa makusudi? Neno "makusudi" ndilo linanisumbua. Mto Mulongwe wa Aprili 2020 haukuwa na makusudi, na watoto waliona nyumba zikienda na maji.

Tena alama inahesabu aina za mateso tu. Aliyepigwa muda mfupi na aliyepigwa miaka kumi wanaweza kupata alama sawa. Anda mwenyewe na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba alama hiyo haifai kumpima mtu mmoja mmoja.

Sasa kwetu. Mtu mzima akianza kusikia sauti, wengi wanamupeleka kwanza chumba cha maombi. Pale swali ni nani kamuloga. Ya utotoni hayaulizwi. Mwenye nauli atafika SOSAME Bukavu, ao atavuka mpaka hadi Kamenge, Bujumbura. Na jamaa wanaogopa kumuuliza kama anawaza kujiua, eti utamutia wazo. OMS inasema wazi: kuuliza hakuleti wazo hilo, mara nyingi kunapunguza uzito.

Kwa hiyo fomu, na kasoro zake zote, inashinda kimya chetu juu inauliza. Ila inaishia kwa hesabu. Mgonjwa anajibu "ndiyo" mara sita, anainamisha kichwa, na karatasi haina neno la kumwambia. Mimi ningeongeza swali moja chini kabisa: mbali na mimi, nani mwingine anajua haya?