Kiranja na Fimbo ya Kuazima: Kuusoma Upya Utafiti wa Luwero

Ukisikia maneno "uonevu shuleni", picha gani inakujia? Wengi wetu tunamwona mtoto mkubwa akimpora mdogo maandazi wakati wa mapumziko, au kidato cha nne wakimwamsha njuka saa nane usiku awafulie soksi. Picha hiyo ni ya kweli, waliosoma bweni wanaijua. Shida yake ni kwamba haina mtu mzima hata mmoja ndani yake.

Na si sisi tu tunaoichora hivyo. Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani (WHO) na taasisi ya CDC ya Marekani wamekuwa wakiendesha uchunguzi wa afya ya wanafunzi katika nchi nyingi, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Kwa miaka mingi hojaji yao imeuliza: katika siku 30 zilizopita, ulionewa siku ngapi? Kabla ya swali kuna maelezo. Uonevu, inasema hojaji, ni pale mwanafunzi au kundi la wanafunzi wanapomwambia au kumfanyia mwenzao mambo mabaya. Mwalimu hayumo. Kwa hiyo mtoto aliyechapwa mstarini kila asubuhi kwa kuchelewa, akaitwa ng'ombe mbele ya darasa zima, anaweza kuandika "siku 0" na akawa amejibu sawasawa kabisa.

UNESCO ilipozikusanya takwimu za namna hii katika ripoti yake ya 2019, ikapata kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani (32%) ameonewa na wenzake walau mara moja ndani ya mwezi. Haki isemwe, ripoti hiyohiyo inazungumzia viboko pia. Lakini imeviweka kwenye kapu lingine. Namba ya uonevu inakuwa tatizo la watoto, viboko vinakuwa suala la nidhamu na sheria, na hakuna anayeuliza kama hayo makapu mawili yamesukwa na mkono mmoja.

Ndiyo maana nataka tukae kidogo na utafiti mmoja uliofanyika hapa jirani, wilaya ya Luwero, Uganda. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health, na mtafiti kiongozi alikuwa Karen Devries. Unatajwa sana kwenye semina, kwa kawaida kwa sentensi moja: "programu ya Shule Bora inapunguza ukatili." Sentensi hiyo si ya uongo. Ila inaficha mambo matatu ambayo kwangu ndiyo utamu na uchungu wa utafiti wenyewe.

Kwanza walifanya nini? Walichukua shule za msingi 42. Kwa bahati nasibu, 21 zikapewa programu iliyotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, na 21 zikasubiri. Programu yenyewe haiendi na mabango ya "wanafunzi, acheni uonevu". Inaanza na watu wazima: walimu wanajadili wao wenyewe walivyolelewa, wanajifunza kuendesha darasa bila fimbo, watoto wanapata nafasi kwenye maamuzi na mahali pa kupeleka malalamiko, wazazi wanaitwa. Ni hatua sita, na shule inakwenda kwa mwendo wake.

Baada ya miezi 18 watafiti wakarudi na kuwahoji watoto 3,820. Swali kuu: ndani ya wiki moja iliyopita, mfanyakazi wa shule amekupiga? Katika shule zilizokuwa zikisubiri, 48.7% walisema ndiyo. Katika shule zilizopata programu, 31.0%. Kwa jambo ambalo watu hukuambia "haya ni mila zetu, hayabadiliki", tofauti hiyo ni kubwa mno. Na ilipatikana kabla marekebisho ya Sheria ya Watoto ya Uganda ya 2016 hayajakataza viboko shuleni waziwazi. Hebu zingatia hilo: walimu walipunguza kupiga bila kusubiri polisi.

Sasa jambo la kwanza linalofichwa. Uchambuzi uliofuata wa data zilezile, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba ukatili kwa jumla ulipungua, uwe wa walimu au wa wanafunzi wenyewe kwa wenyewe. Yaani umemgusa mwalimu, na uwanja wa michezo nao umetulia. Kwa wavulana ulipungua zaidi kuliko kwa wasichana, na hilo peke yake linastahili makala nyingine. Mimi nalisoma hivi: mtoto hajifunzi kuonea kutoka hewani. Katika bweni nililokaa mimi, kiranja aliyetuchapa usiku alikuwa ameazima fimbo ofisini mchana, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu. Ukimwandika kiranja huyo kwenye hojaji kama "mwonevu" na mwalimu ukamwacha nje, umehesabu mkono ukasahau bega. Sisemi kwamba utafiti wa Luwero umethibitisha hilo. Programu iligusa vitu vingi kwa pamoja, na huwezi kujua ni kipi hasa kiliwatuliza watoto. Lakini unaendana nalo kuliko unavyoendana na picha ya mtoto mkorofi.

Jambo la pili ndilo linalonifanya nikunje uso kila nikisikia mtu anautaja utafiti huu kwenye mada ya afya ya akili. Watoto wa shule zilizopata programu walisema wanajisikia salama zaidi na wana raha zaidi wakiwa shuleni. Vizuri. Lakini walipopimwa afya ya akili, hakukuwa na tofauti. Alama za masomo pia, hakuna tofauti. Waandishi wenyewe walisema hivyo wazi, hawakuficha kitu. Wanaoficha ni sisi wasomaji, tunaochukua "ustawi umeongezeka" tukaenda nalo hadi "msongo na huzuni vimepungua", kana kwamba ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Kujisikia salama shuleni ni jibu kuhusu mahali. Afya ya akili ni jibu kuhusu mtoto mzima, pamoja na nyumbani anakolala. Mtoto anaweza kuipenda shule kwa sababu ni mahali pekee asipopigwa siku hizi, halafu jioni akarudi palepale. Na hapa utafiti wenyewe una namba ambayo sijawahi kuiona kwenye slaidi ya mtu: kutokana na waliyoyasema kwenye mahojiano hayo ya mwisho, watoto 434 ilibidi wapelekwe kwa huduma za ulinzi wa mtoto. Piga hesabu. Ni karibu mtoto mmoja kati ya kila tisa waliohojiwa. Kwenye muhtasari wa makala namba hiyo imekaa sentensi moja, karibu na maneno kwamba programu haikuleta madhara. Kama kweli tunataka kujua kwa nini afya ya akili haikusogea, ningeanzia hapo kuchimba.

Kuna na udhaifu wa mbinu, nitaupitia haraka. Majibu yote ni ya watoto wenyewe, na watoto wa shule za programu walishajua kwamba shule yao "haipigi tena". Wengine huenda walipunguza kusema ili kuilinda, wengine huenda walisema zaidi kwa kuwa sasa wanajua kupigwa si halali. Hatujui upande upi ulizidi. Pia waliohojiwa ni waliokuwa wameandikishwa shuleni. Aliyekimbia shule kwa sababu ya fimbo hayumo kwenye 31.0% wala kwenye 48.7%.

Jambo la tatu ni hiyo 31.0% yenyewe. Hizi ndizo shule zilizofaulu. Miezi 18 ya kazi, na bado ndani ya wiki moja karibu mtoto mmoja kati ya watatu alipigwa na mtu mzima anayelipwa kumfundisha. Ni ushindi, nakubali, lakini ukilisimulia bila hiyo namba unamfanya ofisa elimu adhani kazi imeisha baada ya semina mbili na fulana.

Nasema ofisa elimu kwa sababu kwetu Tanzania swali hili ni la leo. Kanuni zetu bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Wewe uliyesoma hapa, kitabu hicho ulikiona lini? Mtu akitaka kuileta programu ya Luwero huku, atakutana na walimu wenye kanuni mkononi. Hoja ya "mtapunguza unyongovu wa watoto" haitamsaidia, kwa sababu utafiti haukuonyesha hivyo, na mwalimu mmoja makini akiisoma makala atamuumbua mbele ya mkutano. Hoja aliyonayo ni nyembamba zaidi na ngumu kupangua: watoto walipigwa kidogo, walioneana kidogo, na walijiona salama wakiwa shuleni. Kwangu hiyo inatosha kabisa kuanza nayo.

Kinachokosekana ni sekondari za bweni. Luwero ilikuwa shule za msingi, za watoto ambao kiranja wao hana bweni la kutawala usiku. Kama unatafuta mada ya tasnifu, chukua hiyo, na kwenye hojaji yako swali la "nani alikupiga" lifuatwe na "fimbo aliitoa wapi".